Kaskazi Ilipofika Mazinde

Mazinde haina bahari. Ina reli, ina mkonge, ina milima ya Usambara mgongoni na mbele yake bonde la Mkomazi, ambako mvua huja ikitaka. Hata hivyo mama yangu, aliyekuwa akiwapikia manamba wa shamba la mkonge, alijua upepo unaovuma Tanga bila kumwuliza mtu. Kikapu cha samaki kiliposhushwa stesheni alikifunua, akanusa, akatoa hukumu: "Kaskazi imeingia." Papa ng'onda na mapande ya nguru wa chumvi yalimaanisha Desemba au Januari. Tasi na pono waliokaushwa kwa moshi, weusi tii, walimaanisha kusi inavuma na wavuvi wamebanwa ndani ya miamba. Mei na Juni mara nyingi kikapu hakikuja kabisa, nasi tukarudi kwa kambare wa mtoni, wale wanaonaswa kwa mgono.

Nimestaafu ukarani wa bandari, na tangu nistaafu nimesoma vijikaratasi vingi vya matangazo ya boti za kitalii. Karibu vyote hueleza uvuvi wa fimbo katika Mkondo wa Pemba kana kwamba wageni ndio waliogundua kuwa samaki wana miezi yao. Eti msimu "uligunduliwa" miaka ya hamsini na sitini. Msimu ule sisi tulikuwa tukiula kwa ugali, kilomita zaidi ya 130 kwa reli kutoka baharini, na mama yangu hajawahi kuiona fimbo ya kuvulia maishani mwake.

Uhusiano wa Mazinde na bahari ni mkongwe kuliko reli. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambaa kutoka Vugha, juu mlimani, na mkono wake ulifika hadi Pangani na Tanga. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipokwenda kumwona, Februari 1857, walianzia Pangani, kaskazi ikivuma. Alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa marehemu, hakukubali. Alipigana na Shekulwavu akamtoa Vugha. Kinachonishangaza hadi leo ni alichofanya baada ya kushinda. Hakuhamia mji wa baba yake. Alimkalisha huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, chini, kwenye joto na mbu.

Alibaki kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Pangani ilipita Korogwe, ikapita Mazinde, ikaendelea Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Pembe na watumwa walishuka, nguo na bunduki zilipanda, na vyote vilipita mlangoni mwa Semboja. Mtu aliyekaa pale alilazimika kuyajua majira ya bahari kama nahodha. Bidhaa za Arabuni na Bara Hindi zilifika Unguja kwa majahazi ya kaskazi, na majahazi hayo hayakusubiri. Kusi ikianza tu yaliondoka na kilichokwisha kufika pwani. Pembe iliyochelewa bondeni ilingoja mwaka. Wanahistoria wamemwandika sana Semboja kama mtu wa bunduki. Mimi namwona pia kama Msambaa wa kwanza wa Mazinde aliyehesabu miezi kwa upepo ambao haukumfikia usoni.

Alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuingia. Reli walikuwa wameanza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, ikapita kwetu kwenda Buiko 1909, na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Mashamba yote ya bondeni yametokana na hiyo 62. Mkonge ulitakiwa kwa kamba, na kamba zilitakiwa sana melini. Kwa hiyo hata mmea uliotuajiri ulikuwa mmea wa watu wa bahari, na treni iliyopeleka marobota ya singa bandarini ndiyo iliyorudi na kikapu cha mama.

Bahari nayo inaitazama milima yetu. Mvuvi wa Kigombe akitafuta mwamba wake, ulio pima nyingi chini ya maji, huoanisha vitu viwili upande wa bara, mnazi wa ufukweni na kilele cha Usambara nyuma yake, kisha viwili vingine upande wa pili. Mistari inapokutana ndipo penye changu na chewa. Masika mlima ukijifunika mawingu, mwamba umepotea, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukaa nyumbani ambayo watu wa bara hawaifikirii.

Vasco da Gama aliiona milima hiyohiyo. Aprili 1498 meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye fungu mbele ya Mtangata, ilipo Tongoni ya leo, ikaondoka maji yalipojaa. Wareno wakaipa milima jina la meli. Mwaka uliofuata kisa kilikuwa kibaya zaidi. Da Gama aliondoka India Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika, akaburuzwa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 hivi wakamfia kwa kiseyeye. Januari 1499 alirudi palepale Mtangata akiwa na mabaharia wachache mno kuendesha meli tatu, akaitia moto São Rafael. Mtoto yeyote wa Tongoni angemwambia angoje. Na huko Malindi, alipompata rubani wa kumvusha kwenda India mara ya kwanza, hakukosa watu wa kuuliza.

Basi kalenda yenyewe iko hivi. Kaskazi huanza Novemba au Desemba, ikavuma hadi Machi: bahari ya nje hupungua mawimbi asubuhi, maji huwa ya moto, na samaki wakubwa wa juujuu hufikika. Aprili hadi Septemba ni kusi, inayoanza na mvua za masika na kuingia kipupwe; mkondo unaokwenda kaskazini hupata nguvu, na ngalawa haina biashara nje ya miamba. Katikati kuna tanga mbili, upepo unapokosa mwenyewe, na matlai, upepo mwepesi wa alfajiri unaompa mvuvi nafasi ya kwenda nje na kurudi kabla ya adhuhuri. Manahodha wa zamani hawakutegemea miezi ya Kizungu. Walihesabu kutoka Nairuzi, siku ya mwaka, kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, katika mwaka wa siku 365. Makunduchi, Unguja, bado wanaisherehekea siku hiyo mwezi Julai.

Mwezi mwandamo haufai kwa upepo. Mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka ikapita masika, kipupwe na vuli. Lakini kwa maji hakuna mwingine. Mwezi ukiandama na ukipevuka huja bamvua; Tanga maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, miamba huachwa wazi, na hapo wanawake hushika vijiti wakaenda pweza, na wenye uzio huvuna. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mkondo hulegea, chubwi hushuka wima, na mwenye mshipi wa kina hupata siku zake. Usiku wa giza ni wa dagaa na taa. Kwa hiyo mvuvi wa pwani alitembea na kalenda mbili kichwani: ya jua kwa upepo, ya mwezi kwa maji. Aliyejua moja tu alirudi na mashua tupu, au hakurudi.

Hilo halikuanza juzi. Baharia wa Kigiriki wa karne ya 1, katika kitabu cha safari za Bahari ya Sham na pwani yetu, anataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Aliandika kuhusu vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na kuhusu vikapu vya kunasia vilivyofungwa kwenye milango kati ya miamba. Dema lile lile, mlango ule ule. Waliochambua mifupa ya samaki katika magofu ya pwani, kama Shanga huko Lamu, wameona kwamba mwanzoni watu walikula zaidi samaki wa miambani, na kuanzia baada ya mwaka 1000 hivi mifupa ya samaki wa nje ikaongezeka. Watu walikwenda mbali zaidi, na kwenda mbali kwa tanga ni kujua siku ya kurudi.

Ujanja wao haukuwa wa mitego peke yake. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyekuwa katika ubalozi wa Uingereza Unguja, aliwaandikia wanazuoni wa wanyama wa London habari za wavuvi wa pwani hii wanaomfuga chazo, yule samaki anayejibandika kwenye papa na kasa kwa kichwa chake. Walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, akajibandika, wakavuta wote wawili. Nikisoma matangazo yanayosema uvuvi wa kienyeji ni "wa kubahatisha" huwa namkumbuka chazo.

Kwetu aliyejua mambo haya alikuwa mjomba. Alizaliwa Mazinde, akafanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge, hadi maji yake yanayowasha yakamshinda ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipanda treni kwenda Tanga, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye mikono mizito na mdomo mwepesi, mwenye shamba mmoja Mgiriki akamchukua kuwa baharia wa boti yake. Wenye mashamba wengi walikuwa na desturi ya kushuka Tanga Jumamosi. Wengine walikwenda klabu Ras Kazone kunywa. Huyu alikwenda baharini kuvua kwa fimbo.

Mchezo wenyewe ulikuwa mchanga. Mwaka 1898, mkonge ukiwa bado unajaribiwa Pangani, Charles Frederick Holder alimtoa jodari wa ratili 183 kwa fimbo huko Santa Catalina, kisiwa cha California, na mwaka huohuo ikaundwa Tuna Club ya Avalon yenye masharti ya uzi mwembamba na mtu kupambana na samaki peke yake. Mwaka 1939 kikaanzishwa New York chama cha kimataifa cha kusimamia kanuni na rekodi, IGFA, na baada ya mwaka mmoja mwandishi Ernest Hemingway akawa mmoja wa makamu wake wa rais. Ni Hemingway huyohuyo aliyekuja kuvua pwani yetu mara mbili. Mwanzoni mwa 1934, baada ya kuwinda bara, alivua Malindi. Mwaka 1954, baada ya ndege mbili kuanguka naye Uganda ndani ya siku mbili, alikwenda kambi ya uvuvi Shimoni, kusini mwa Mombasa, akiwa ameumia kichwa, mgongo na maini. Hata huko hakupona: moto wa msituni ulizuka akaungua. Watu husimulia ajali. Mimi natazama miezi. Mara zote mbili alikuja Mkondo wa Pemba na jirani zake kaskazi ikivuma. Aliyempangia alikuwa amewauliza wenye mishipi.

Na tazama ratiba za boti za leo, Shimoni, Watamu, Unguja au Pemba. Sulisuli kuanzia Novemba. Nduwaro wa kila namna Desemba hadi Machi. Jodari Agosti hadi Oktoba, kusi inapokata makali. Katikati ya Aprili boti hupandishwa juu kupakwa rangi hadi Julai au Agosti. Mzee wa Vanga au Kigombe asiyejua kusoma angekupa orodha hiyohiyo, isipokuwa angeanzia Nairuzi na angeongeza papa.

Shule zilifungwa Desemba na Juni, na mimi nilipelekwa Tanga likizo zote mbili, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa bahati hiyo niliiona bahari katika nyuso zake mbili. Juni tulikaa Sahare tukishona matanga ya watu na kusikiliza mawimbi ya kusi yakipasuka nje ya visiwa. Mjomba alivua kibua ndani ya ghuba na kulalamika. Desemba tulitoka kabla ya alfajiri. Mgiriki alikuwa amekwisha kuondoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na boti ilinunuliwa na daktari mmoja wa Kihindi, mtu mpole aliyeugua bahari kila safari na kila safari akarudi.

Mjomba aliwahi kuniambia kwamba Mgiriki alipofika na makasha yake ya vyambo vya bandia kutoka Ulaya, vyekundu na vya buluu, sehewa walivitazama wakapita. Siku hiyo mjomba alikuwa na singa mfukoni. Nilimwona akitengeneza chambo hicho mara nyingi baadaye. Alichukua singa nyeupe iliyopita kwenye brashi, siyo ile ya njano ya daraja la chini, akaichana kwa kitana cha nywele mpaka nyuzi zikaachana moja moja, akakata fungu la urefu wa kiganja. Kichwa cha fungu alikifunga kwenye shingo ya ndoana kwa uzi aliousugua nta, akazungusha na kukaza kwa meno, akaacha mkia ukining'inia. Mkononi ilikuwa takataka. Majini, boti ikienda polepole, nyuzi zilishikana zikawa mwili mwembamba, zikatawanyika, zikashikana tena. Sehewa waliamini kabisa. Huo ndio mkonge wa Mazinde uliorudi baharini bila kupitia London.

Nguru na sulisuli walitaka kitu halisi, yaani chuchunge. Kumtayarisha ni kazi ya subira, na hapa ndipo daktari alipokosa kabisa. Mjomba alimkunja chuchunge taratibu huku na huku mpaka uti wa mgongo ukalegea, asikae kama kijiti. Akamkamua tumbo kutoka kichwani kwenda mkiani. Ndoana aliipitisha kooni ikatokea chini ya tumbo, akapima kwanza kwa nje pale itakapotokea, kwani tundu likiwa nyuma kidogo mno samaki hujipinda. Mwisho aliubana mdomo ule wa chini mrefu pamoja na wa juu kwa waya mwembamba. Mdomo ukiachwa wazi maji huingia, chuchunge huzunguka, uzi hujisokota, "na hakuna nduwaro mjinga kiasi hicho," alisema. Juu ya ndoana aliweka waya mgumu urefu wa mkono, kwa ajili ya meno ya nguru.

Kisha kurambaza. Ngalawa ilifanya hivyo kwa tanga tangu zamani, mshipi mmoja au miwili ukiburutwa nyuma ya tezi, umezungushwa kidoleni au kufungwa kwenye kipande cha mti. Boti ya injini iliongeza mishipi na kuitandaza kwa miti miwili mirefu ya pembeni, ikapata mwendo usiotegemea upepo. Njia ilikuwa ileile. Ukitoka nje ya miamba ya Tanga kina hushuka ghafla, na Mkondo wa Pemba una mahali penye mamia ya mita. Pale ukingoni maji ya kijani hukutana na ya buluu, na mstari wao huonekana, wenye povu na majani. Unafuata mstari. Ukikuta gogo linaelea, zunguka, kuna fulusi chini. Ukiona ndege wanachota, usiingie katikati yao. Pita pembeni, maana injini itawazamisha dagaa, na walio chini yao nao watazama. Haya yote hakuyasoma popote. Aliyapata kwa Wakojani, wavuvi wa Pemba wanaokuja dago pwani yetu, wakapiga kambi visiwani miezi ya kaskazi na kuhama na samaki wao.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kunasa. Nguru humkata chambo kwa meno. Unavuta papo hapo. Sulisuli humpiga kwanza kwa mdomo wake wa upanga, kisha humrudia kumla. Ukivuta alipopiga umemnyang'anya. Kwa hiyo mwenye fimbo hulegeza roda, uzi ukaenda bure, akangoja. Asubiri kiasi gani? Vitabu vya mchezo huu vina hesabu zao za sekunde. Mjomba alisoma Kulhuwallahu mara moja, kimya, midomo ikicheza, kisha akapiga kelele: "Vuta, daktari!" Daktari, ambaye hakuwa Mwislamu, aliishia kuijua sura hiyo kwa kutazama midomo.

Samaki aliyetoka alipimwa, akapigwa picha, na mwenye boti akaenda na picha. Nyama ilikuwa ya mabaharia. Mjomba aliuza sehemu pale ufukweni, nyingine akaipasua, akaitia chumvi na kuianika juu ya paa la bati, ikapanda treni. Ndivyo mapande ya nduwaro, mapana na mekundu ndani, yalivyoanza kuonekana kwenye kikapu cha Mazinde, na manamba waliotoka Kigoma na Songea, wasiojua samaki mkubwa kuliko sangara au mbasa, wakaulizana huyu ni mnyama gani. Mama aliwapikia kwa nazi akawaacha waendelee kuulizana.

Kilichoharibu mambo kilitoka mbali, na kilitupiga pande zote mbili. Mwaka 1935 Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont huko Marekani alitengeneza nailoni. Kabla yake mshipi ulisokotwa kwa nyuzi za pamba. Uliloa, ulioza, ulionekana majini, ulianikwa kila siku. Nailoni haikuoza. Mwenye fimbo alipata uzi mwembamba wenye nguvu, mwenye mshipi akafurahi vilevile. Lakini ndugu za nailoni, hizo nyuzi nyingine za kiwandani, ziliingia pia kwenye kamba na katani. Uzalishaji wa mkonge Tanzania ulifika kilele mwaka 1964, tani 230,000 hivi, kisha bei ikaanguka na mashamba yakaanza kuota vichaka. Watu hulaumu kutaifishwa peke yake. Utaifishaji una yake, sikatai, ila bei ilikuwa imeanza kushuka kabla ya Azimio. Mazinde watu walipunguzwa kazi, na baadhi yao, kama mjomba kabla yao, walishuka pwani kutafuta maisha kwenye bahari ambayo nayo ilikuwa imejaa nailoni.

Maana nailoni ilileta jarife refu, la macho makubwa, linalotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa na halichoki. Tangu 2003 wavuvi wa Kigombe na majirani zao walianza kutoa humo samaki wa ajabu wa buluu, silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikatangazwa Tanga mwaka 2009. Dunia ilimshangilia samaki. Mimi niliwaza kwamba nyavu zimefika pale ambapo kalenda ya upepo haikuwahi kuziruhusu kufika. Na palipokuwa na miamba ya juu, baruti iliyotoka machimboni na kwenye ujenzi wa barabara ilifanya kazi yake kwa miongo kadhaa. Tanga ilisifika vibaya kwa hilo. Mwamba ukishavunjwavunjwa, hata ukiulenga kwa mnazi na kilele sawasawa, umelenga kifusi.

Treni ya abiria iliacha kuja kwa miaka mingi, na Mombo sasa wanauza vibua wa barafu waliotoka ng'ambo, wenye ladha moja Januari hadi Desemba. Sina ugomvi nao, mtu ale. Ila bei ya nguru halisi, anapofika, bado hushuka kaskazi na kupanda kusi, na wachuuzi wa samaki wa Deep Sea, Tanga, bado hupanga mikopo yao kwa upepo.

Wenye fimbo nao wamebadilika. Kenya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, walishika desturi ya kumchoma sulisuli au nduwaro kijiti chenye namba karibu na pezi la mgongoni, wakaandika tarehe na mahali, wakamwachia. Akinaswa tena, hata na mvuvi wa ngalawa, namba hurudishwa na safari yake hujulikana. Nilimweleza mjomba, wakati huo ameshazeeka, amekaa barazani Sahare akishona wavu wa mtu. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye sindano.

"Akinaswa mara ya pili," aliuliza, "ni wa nani?"

"Wa aliyemvua, mjomba. Anarudisha kile kijiti tu."

"Basi waendelee kuwaachia," akasema. "Ila waambie waanze Novemba."